Sekunde Kumi na Moja

Mama alitoka nyumbani saa tatu usiku,
kanga ya pili begani, kwa ajili ya upepo wa Juni,
ule wa Dodoma usiopiga hodi,
na chupa ya chai ambayo hakuwahi kuimaliza.
Mlango ukijifunga, mimi nawasha redio.
Ndivyo alivyorudi.

Saa sita kamili sauti yake iliingia chumbani kwetu Makole
imevaa viatu. Nyumbani alitembea peku,
alikoroma, alinigombeza kwa Kigogo nikiunguza mlenda.
Humo ndani ya betri nne alikuwa Damari Chilongani,
na kila dereva wa lori kati ya Kibaigwa na Manyoni
aliapa kwamba anasemeshwa yeye peke yake.

Nilimwonea wivu huyo dereva.

Alisoma kadi za salamu zilizonuka vitunguu na moshi:
Chibago, mlinzi wa ghala la mahindi,
anamsalimu muuguzi wa zamu kule Mvumi, jina analijua mwenyewe.
Alitangaza ndama wawili, mmoja ana baka jeupe pajani,
wamepotea tangu Jumanne upande wa Hombolo;
atakayewaona awafunge kamba, asiwachinje.
Hilo la mwisho halikuandikwa popote.

Jina langu hakulitaja.
Redio si ya ukoo, alisema, akichambua mchele.
Ila kabla ya kutangaza saa saba alikohoa mara mbili,
kikohozi kidogo, kikavu,
na mimi chini ya blanketi nikakohoa mara mbili.
Hapo ndipo usingizi uliponipata.

Miaka ishirini na sita.
Umeme ukikatika waliwasha jenereta,
jenereta likigoma alibaki gizani
mbele ya kipaza sauti kilichokufa, akaendelea kusema,
asije akapoteza mwendo.
Hivi alinisimulia Nhonya, fundi mitambo,
akicheka, kisha akaangalia kwingine.

Jina langu hakulitaja, nimesema. Alilitaja mara moja.

Mvua za kwanza. Tarishi kaleta bahasha ya tanzia, imelowa,
akaifungua hewani kama kawaida.
Zilikuwa nne. Ya tatu ilikuwa ya baba.
Lori, kivuko cha mto, upande wa Bahi.
Akasoma jina, umri, kijiji cha maziko.
Habari ziwafikie kaka zake wa Mpwapwa,
shangazi wa Kondoa,
mkewe Damari wa Makole, Dodoma mjini,
na binti yake, Sechelela.
Akasoma ya nne, ya bibi mmoja wa Mpunguzi,
wajukuu wote kumi na tisa, hakuruka hata mmoja.

Kisha hapakuwa na kitu.

Nilidhani betri zimekwisha. Nikahesabu,
kidole juu ya swichi, moja, mbili,
mabati yakipigwa na mvua, sita, saba,
mbwa wa jirani, kumi.
Halafu kikohozi. Kimoja.
Nikangoja cha pili.
"Saa za Afrika Mashariki," akasema, na akazitaja sawasawa.

Ofisi ilimwandikia barua ya onyo:
ukimya hewani, sekunde kumi na moja, bila taarifa.
Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na mbuzi.
Mbuzi tulimla. Saa ilichelewa, akampa mtoto wa Nhonya.
Barua ndiyo aliyoitia fremu,
iko juu ya kabati, imeinama kidogo kushoto,
na mgeni akiuliza anasema ni cheti.

Siku hizi mashine inajipigia muziki mpaka alfajiri.
Yeye hulala mchana. Usiku hukaa kitandani, mgongo wima,
mikono juu ya meza ambayo haipo.
Nikipita mlangoni nakohoa mara mbili.
Kuna usiku anajibu.
Kuna usiku ni treni tu, inaingia stesheni,
na mimi nasimama pale koridoni, peku,
nahesabu.